Dramu Inayonuka Kafuri

Fundi alisimamisha msasa, akanusa vumbi lililomganda kiganjani, kisha akanitazama.

"Ndugu yangu, humu mmemuosha nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaninyooshea kiganja, nikainama kunusa. Ilikuwa kafuri, ile ile inayokupokea mlangoni kwenye nyumba yenye msiba.

Tulikuwa Keko, kwenye kibanda cha seremala ambaye nimezoea kumpelekea kazi za makabati. Mezani kwake kulikuwa na tomu ya chini ya inchi 16, ile dramu nene inayosimama sakafuni, Premier ya Kiingereza ya miaka ya sitini, imevuliwa ngozi na vyuma vyote. Nilichomwomba hakikuwa kikubwa: alainishe ukingo wa ganda la plastiki linalofunika mbao, uliokuwa umenyanyuka, atie gundi, abane, nirudi nayo nyumbani. Bloa ya hewa ya moto alishaichomeka kwenye umeme, tayari kulilainisha ganda lilale.

Nikamwomba aichomoe.

Siku ile tuliagana bila kufanya chochote. Nikaondoka na tomu yangu kwenye bajaj, na kwa wiki kadhaa sikuigusa. Kila nikipita chumbani naiona imekaa uchi pembeni, na swali ni lile lile. Hili ganda ni la kutengenezwa, au ni la kutolewa?

## Kutoka Tabora hadi kwenye tomu

Ganda la lulu la dramu za zamani ni seluloidi. Wanachukua selulosi ya pamba, wanaipitisha kwenye asidi ya naitriki, halafu wanaikanda pamoja na kafuri mpaka inakuwa plastiki ya kukunjika. Kafuri ndiyo inayoipa ulaini. Ikiondoka, kinachobaki ni kitu kikavu kinachokatika.

Na kinawaka. Aliyewahi kuchoma mpira wa tenisi ya meza utotoni anaujua moto huo, maana mipira ile nayo ilikuwa seluloidi. Mashindano ya kimataifa yalianza kuiacha mwaka 2014 tu. Filamu za sinema za zamani zilikuwa za ukoo huo huo, ndiyo maana moto ulikuwa hofu ya kila siku katika vyumba vya kuonyeshea picha. Kabla ya kuondoka Keko nilikata kipande kidogo kuliko ukucha, nikatoka nacho nje mbali na maranda, nikakiwashia kiberiti. Kiliisha kabla sijakitupa vizuri. Fundi, ambaye karakana yake yote ni vumbi la mbao, alisema neno moja: "Toa."

Niliporudi nyumbani nikaanza kusoma habari za seluloidi, na huko nikakutana na jambo ambalo sikulitegemea.

Katika karne ya 19 mipira ya biliadi ilichongwa kwa pembe za ndovu. Pembe nyingi zilitoka huku kwetu: kutoka bara kupitia Tabora, zikabebwa mabegani hadi Bagamoyo, zikavushwa Zanzibar, zikapakiwa melini. Nyingine ziliishia Connecticut, Marekani, kwenye viwanda vya vibonyezo vya piano. Bei ikapanda. Mwaka 1863 kampuni moja ya biliadi ya New York ikatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu mbadala. Mwingereza Alexander Parkes alikuwa ameshaonyesha plastiki yake ya namna hiyo London mwaka 1862, lakini aliyeifanya iwe biashara ni Mmarekani John Wesley Hyatt, aliyepata hataza mwaka 1870. Baada ya hapo zikafuata kola za mashati, vitana, miwani, filamu, na mwisho maganda ya dramu. Mng'ao wake wa lulu nao hauna lulu ndani yake. Ulitengenezwa kwa kung'arisha plastiki kwa unga unaotolewa kwenye magamba ya samaki.

Sijui nifanye nini na habari hii. Haikunisaidia kuamua chochote. Ila sikuweza tena kuitazama ile tomu kama chombo cha Kiingereza kilichopotelea Dar es Salaam.

## Ganda linavyokufa

Kinacholiua ganda ni kafuri kuyeyuka hewani, kidogo kidogo, kwa miaka mingi. Inapotoka, ganda linasinyaa. Mzinga wa mbao ulio chini yake hausinyai nalo, kwa hiyo kitu lazima kiachie. Kwanza maungio yanafunguka, pale ncha mbili za ganda zinapopandiana. Halafu nyufa zinaanza kwenye matundu ya skrubu za lagi, vile vyuma vya ubavuni vinavyoshikilia fimbo za kukazia ngozi. Kila tundu linatoa ufa wake, na nyufa zinatafutana.

Seluloidi ikizeeka inatoa pia mvuke wenye asidi, na mvuke huo unakula chuma. Ongeza chumvi ya hewa ya Dar, halafu uifungie dramu kwenye stoo isiyo na dirisha. Lagi zangu kwa nje zilikuwa na madoa tu. Kwa ndani, upande uliolalia ganda, zilikuwa za kijani.

Rangi ni jambo jingine. Ganda lililozaliwa jeupe limekuwa la rangi ya samli, kwa mwanga na moshi wa sigara za ukumbini. Rangi peke yake isingenisumbua. Wapo wanaoipenda, na mimi ni mmoja wao.

Lililonisumbua ni ukingo wa juu. Pale maungio yalipofunguka, ganda lilijikunja likanyanyuka kama milimita mbili, na ngozi haikuweza kushuka sawasawa. Ngozi ya dramu inatakiwa ikae juu ya mbao bila kukwama ubavuni. Ikikwama mahali pamoja haikazi sawa, na utakaza skrubu hadi mkono uume huku tomu ikikujibu kwa sauti mbili tofauti, kama watu wawili wasioelewana kwenye simu moja.

Premier hizi zina ukorofi wao pia. Tomu walizotengeneza kabla ya mwisho wa miaka ya sitini ni pana kidogo kuliko kipimo cha kimataifa, kwa hiyo ngozi za kawaida za madukani hazishuki. Ngozi zake zinaagizwa kwa kipimo chake, na hata hizo haziachi nafasi kubwa. Uvimbe wa milimita mbili hapo ni mwingi.

## Mali ya shirika

Seti hii niliipata kwenye stoo ya kanisa lililokuwa limenunua seti mpya. Kabla ya kanisa ilikuwa ya bendi. Kwa wasiokumbuka: bendi zetu nyingi kubwa za dansi zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, kabla ya kuchukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki akihama bendi, na walikuwa wanahama kweli, aliondoka na sauti yake na vidole vyake. Gitaa na dramu vilibaki.

Kwa hiyo dramu moja ilipita mikononi mwa wengi. Ubavuni mwa besi dramu yangu, upande unaoelekea mpigaji, kuna alama za kuunguzwa na sigara zilizopangwa kwa mstari. Chini kabisa, mahali ambapo mtu haoni mpaka aipindue, pamechorwa herufi kwa ncha ya kisu, miandiko tofauti. Mmoja alianza jina akaishia katikati.

Nilikwenda kumwona mzee mmoja aliyewahi kupiga dramu kwenye bendi za namna hiyo. Sitamtaja, hapendi mambo ya mitandaoni. Nilimpelekea picha kwenye simu, nikampa heshima yake, nikamweleza wasiwasi wangu: kwamba nikibandua ganda nitakuwa nimefuta kitu.

Alizitazama picha kwa utulivu, akarudisha simu.

"Mwanangu, unajua kwa nini walipenda nyeupe?"

"Hapana, mzee."

"Taa. Ukumbi ulikuwa na taa nyekundu na bluu. Dramu nyeupe inashika rangi ya taa. Wimbo huu wewe ni mwekundu, wimbo ule wa bluu. Ya mbao pale jukwaani haionekani." Akanyamaza kidogo. "Hii yako sasa hivi ukiiwekea taa ya bluu itakuwa rangi ya mchicha."

Juu ya kumbukumbu na historia hakusema lolote. Aliniuliza pedali ni ile ile au imebadilishwa, tukahamia huko mpaka chai ikaisha.

## Hoja ya wakusanyaji

Ukisoma wanayoandika wakusanyaji wa Uingereza na Marekani, amri ni moja: usiguse. Ganda la kiwandani, hata likiwa limepasuka, ndilo linaloibeba bei. Na kwao ina mantiki. Ringo Starr alichukua seti ya Ludwig ya lulu nyeusi London mwaka 1963, akaonekana na Ludwig ya ganda hilo hilo kwenye televisheni ya Marekani Februari 1964, na tangu hapo ganda lile peke yake ni mali. Anayenunua Ludwig ya mwaka huo ananunua ganda kwanza, mbao baadaye.

Nilijaribu kujiweka kwenye viatu vyao, sikuenea. Hakuna mnada wa Premier hapa Dar es Salaam. Hakuna mkusanyaji atakayenipigia simu. Seti hii inapigwa Jumamosi kwenye sherehe na Jumapili kanisani, na mtoto wa jirani anajifunzia katikati ya wiki. Kuilinda kwa ajili ya mnunuzi ambaye hatakuja ni anasa ambayo hata mimi, ninayependa vitu vya zamani, naona haya kuitetea.

Lakini hoja yao ina upande mmoja nisioweza kuupuuza. Ganda ukishalibandua hulirudishi. Seluloidi iliyozeeka haibanduki kipande kizima; inakuja vipande vipande, na safu ya juu ya mbao inaweza kuja nayo.

Hapo ndipo nilipokwama muda mrefu zaidi.

## Fomika, stika, au mbao tupu

Fundi alikuwa na pendekezo lake tangu siku ya kwanza: fomika. Anaijua, anaikata kwa macho, na gundi yake ndiyo hiyo hiyo ya kubandikia ganda la dramu. Nilikaribia kukubali. Tatizo ni unene. Fomika inakaribia milimita moja, ganda la zamani lilikuwa kama nusu yake, na mzinga wenyewe ulishazidi kipimo. Ngozi isingeshuka.

Vijana wanaobandika stika kwenye bajaj na daladala wangenimalizia kazi kwa mchana mmoja na kwa bei ya chakula. Stika ni nyembamba mno. Kila shimo na kila kovu la mbao lingejichora juu yake, na lagi zikikazwa zinaichana.

Nikafikiria kuacha mbao tupu na kupaka vanishi. Kwenye picha za watu inapendeza. Ila viwanda vilijua ni mzinga upi utakaofunikwa, na mbao za sura mbaya ndizo zilizopelekwa chini ya ganda. Yangu ina viraka na baka jeusi la gundi ya zamani. Isitoshe, mzee alishasema kuhusu mbao jukwaani.

Ikabaki kuagiza ganda jipya la dramu kutoka nje, plastiki ya kisasa isiyokuwa na naitreti, lulu nyeupe. Lilikuja kwa binamu yangu aliyekuwa anarudi kutoka Uingereza, limeviringishwa ndani ya bomba la karatasi ngumu, na forodhani alilazimika kueleza mara kadhaa kwamba si ramani.

## Chini ya lagi

Nilipolifungua bomba moyo ulinishuka. Jeupe kweli kweli, jeupe la vyombo vya hospitali. Nikaliweka kando ya besi dramu yenye rangi ya samli, nikaona nimeharibu hela. Ningebandika hili kwenye tomu mbili, seti ingeonekana imeokotwa sehemu mbili. Na besi dramu haikuwa mgonjwa: maungio yake yameshika, nyufa ni mbili tatu kwenye matundu, ngozi inashuka vizuri.

Yaani, ili rangi zifanane, ningelazimika kubandua hata ganda la besi dramu lisilo na ugonjwa.

Kwa hasira za namna hiyo nikaanza kufungua lagi za tomu ndogo, ambayo bado ilikuwa imevaa vyuma vyake. Lagi ya kwanza ilipotoka, chini yake palikuwa na doa lenye umbo la lagi yenyewe, mviringo wake na ncha zake. Doa jeupe. Pale mwanga haukuwahi kufika, wala moshi, wala mkono wa mtu. Nikachukua kipande cha ganda jipya nikakiweka juu ya doa.

Tofauti haikuonekana.

Nilikaa sakafuni na bisibisi mkononi. Wakati wote huo nilikuwa naiita rangi ya samli "ya asili" na nyeupe "ya bandia". Kiwanda cha Premier hakikuitoa dramu hii ikiwa na rangi ya samli. Waliotengeneza rangi ile ni ukumbi, na jua la dirisha la kanisa, na wavutaji. Nilichotaka kukihifadhi kwenye tomu kilikuwa kazi yao, na kazi yao kwenye tomu ilikuwa imeshakatikakatika. Kwenye besi dramu bado imeshika, pamoja na alama za sigara na yule asiyemaliza jina lake.

Uamuzi ukaja wenyewe hapo. Tomu zote mbili zinabanduliwa. Besi dramu inabaki.

## Kazi

Bloa ilibaki imezimwa. Tulianika mizinga juani saa za asubuhi, ganda likapata joto la kutosha, fundi akaanzia kwenye maungio kwa kisu cha puti, taratibu, blade imelala. Pale palipogoma tuliacha, tukarudi kesho yake. Safu ya juu ya mbao ilichanika mahali pachache tu. Alijaza kwa puti ya mbao akapiga msasa kwa mkono. Beji ndiyo ilinitia wasiwasi zaidi, maana huwezi kuitoa bila kukunjua kidude chake cha nyuma. Fundi aliikunjua kwa koleo ndogo na subira ambayo mimi sina.

Kipimo cha ganda usikipate kwa hesabu. Kwa hesabu, inchi 16 ni sentimita 40.6, mara 3.14 unapata mzunguko wa kama sentimita 127.5. Mizinga hii imezidi, kwa hiyo zungusha karatasi, weka alama, kisha ongeza sentimita mbili na nusu za kupandiana. Kwa urefu wa kwenda juu, punguza: ganda liishie kama milimita tatu chini ya ukingo ambako ngozi inakaa. Hapo ndipo ugonjwa wa kwanza ulipoanzia.

Gundi ya namna hii unaipaka pande zote mbili, unasubiri mpaka isishike kidole, na zikigusana hakuna kusogeza. Fundi alitumia mbinu yake ya fomika: karatasi katikati, anaanza na upande mmoja, anavuta karatasi kidogo huku akikandamiza kwa mti wa kusukumia chapati. Maungio tuliyapeleka chini ya safu ya lagi yasionekane, tukayafunga kwa mipira ya ndani ya baiskeli mpaka kesho yake. Matundu yalitobolewa kutoka ndani, nje pameegemezwa kipande cha mbao ili ganda lisibanjuke.

Lagi nilizisafisha mwenyewe. Kijani hakikutoka chote.

Ngozi zilishuka. Tomu ya chini sasa inakazika sawa pande zote na inajibu kwa sauti moja, nene, isiyokwisha upesi. Nisidanganye mtu kwamba ganda jipya ndilo lililoleta sauti. Kilicholeta sauti ni ukingo ulioachwa huru. Ningeweza kuipata sauti hiyo hiyo kwa kukata tu lile eneo lililonyanyuka na kuacha tomu na kidonda chake, na siku nyingine huwa nadhani ingetosha.

## Wanaouliza

Watu wanauliza. Jumapili ya kwanza mama mmoja wa kwaya alitaka kujua kama hela ziliishia njiani, na kama kanisa lichangie ya tatu. Nilimwambia asante, imetosha. Hakuridhika. Mtoto wa jirani yeye anaziita "dramu na bibi yake."

Mabaki ya ganda la zamani siyaweki kabatini, kwa sababu ya ule mvuke wake na kwa sababu ya moto. Yako barazani kwenye kikapu kilicho wazi, mbali na jiko. Mpiga solo wetu ndiye aliyeyagundua. Alichagua vipande ambavyo bado vina uhai, akavikata kwa mkasi umbo la piki, akavisugua kingo kwa msasa, na sasa anapigia hivyo. Anasema piki za dukani hazina mlio huo, na gitaa zima linanuka kafuri akikaza kupiga.

Vipande vizuri vimeanza kumwishia. Juzi baada ya mazoezi nilimkuta ameinama chini ya besi dramu na tochi ya simu, anachunguza zile nyufa za kwenye matundu, akaniuliza kama nina hakika kabisa kwamba ile haihitaji matengenezo.